MAONI YETU: Trela linalonuka petroli halihitaji marashi

Fungua trela la timu ya mbio za magari asubuhi, kabla jua halijakolea, na kitakachokupokea ni harufu: petroli, thina, spreyi ya breki, raba mpya, gundi, oili ya gia. Mgeni hurudi nyuma. Fundi aliyelifungua huingia bila kukunja uso, na ukimuuliza atakujibu, "Bosi, hiyo ni harufu ya kazi." Jibu hilo utalisikia Nairobi, utalisikia Arusha na Kampala, watu watacheka na mazungumzo yataendelea.

Sisi hatucheki. Harufu ile ina mwenyewe. Kuna dumu linalopumua, kopo lililofungwa nusunusu au sakafu iliyokunywa mafuta, na timu iliyozoea kuinusa imeacha kuitafuta. Msimamo wetu ni huu: trela likinuka, chanzo kitafutwe na kitolewe nje, na waandaaji wa mashindano waanze kulikagua trela kama wanavyolikagua gari lenyewe.

Matrela gani hasa? Tangu Safari Rally irejee kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukaa nje tangu 2002, wengi wetu huuona mchezo huu kwa sura ya Naivasha: mahema makubwa ya timu za viwanda, sakafu zinazopanguswa kila saa, mafundi wa sare moja. Huko mafuta yana eneo lake na watu wake. Wakati wa kujaza, injini huzimwa, na dereva na navigeta wake wakibaki garini hulazimika kufungua mikanda ili waweze kuruka nje. Lakini mchezo wa kila mwezi katika nchi zetu haubebwi na mahema hayo. Unabebwa na Canter yenye bodi la boksi, au trela la kuvutwa na pikapu, ambamo vitu vyote husafiri pamoja: matairi, betri, jenereta, jeki, madumu ya mafuta, makopo ya rangi, kreti ya soda, godoro na sufuria ya ugali. Boksi moja, kazi zote, mlango mmoja.

Tuanze na petroli, maana ndiyo kubwa lao. Petroli haisubiri joto ndipo itoe mvuke unaoweza kuwaka. Huutoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na hakuna asubuhi ya Naivasha wala ya Iringa inayokaribia hapo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi kulifuata tundu la paa. Hutiririka kama maji, hutafuta kona, hujaa chini ya rafu, nyuma ya matairi, ndani ya sanduku la vifaa lililoachwa wazi. Hewa ikiwa na mvuke huo kuanzia kama asilimia 1.4 hadi asilimia 7.6, cheche moja inatosha.

Wapo wanaodhani asilimia 1.4 ni petroli nyingi. Chukua trela la urefu wa mita 5 na upana wa mita 2. Nusu lita ikimwagika, ikageuka mvuke yote na kutulia chini, inatosha kuifanya hewa ya trela zima, kutoka sakafuni hadi usawa wa magoti, iweze kulipuka. Nusu lita ni chupa ndogo ya maji ya kunywa. Na cheche haihitaji mzembe mwenye sigara. Friji ndogo ya soda hujiwasha yenyewe bila kumwuliza mtu. Chaja ya betri, swichi ya taa, grenda, waya uliolegea kwenye soketi: kila kimoja kinaweza. Ndiyo maana fundi anayeijua kazi yake akikuta harufu kali hagusi swichi. Hufungua milango yote, husogea pembeni, huacha upepo upite, na taa huja baadaye.

Sasa dumu. Kwa timu nyingi ndogo petroli husafiri ndani ya dumu la njano la lita 20 lililoanza maisha yake likiwa na mafuta ya kupikia. Kwa maji halina neno. Kwa petroli lina kasoro mbili. Ya kwanza ni plastiki yenyewe: polithini ya kawaida hupitisha petroli polepole kwenye kuta zake hata kifuniko kikikazwa vipi. Mitungi iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli hutibiwa kwa ndani, au hufinyangwa kwa matabaka kadhaa, ili kuuzuia upenyo huo. Kasoro ya pili ni kifuniko. Hakikutengenezwa kuzuia mvuke wa petroli. Mpira wake, kama unao, huvimba, hulegea, kisha hupasuka. Wote tunajua dawa ya mtaani: kipande cha nailoni juu ya mdomo wa dumu, kifuniko kikakazwa kwa nguvu juu yake, basi. Nailoni ile huzuia mafuta yasimwagike dumu linapoyumba. Mvuke haiuzuii.

Jua na mlima humalizia kazi. Petroli hutanuka kwa karibu asilimia 1 kila joto lake linapopanda nyuzi 10. Dumu la lita 20 lililojazwa hadi mdomoni alfajiri, likakaa ndani ya boksi la bati mpaka mchana na kupata joto la nyuzi 20 zaidi, linadai nafasi ya karibu mililita 400 ambayo haimo. Timu inayotoka Mombasa kwenda Naivasha nayo hupanda kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 1,900, na mgandamizo wa hewa ya nje hupungua kwa kama moja ya tano. Dumu lililofungwa pwani hufika Mai Mahiu limevimba tumbo. Fundi hulilegeza kifuniko kidogo, likatoa mlio mrefu, akakikaza tena akijiona amelisaidia. Kilichotoka na ule mlio ni mvuke wa petroli, na kama alikuwa ndani ya trela, ameumwaga ndani ya trela ingawa sakafuni hakuna hata tone.

Suluhisho si ghali kama tunavyoambiwa. Mtungi wa chuma, au wa plastiki uliotengenezwa kwa petroli, uachiwe nafasi juu na usijazwe hadi mdomoni. Ukae nje ya boksi, ndani ya kizimba cha chuma kilichochomelewa juu ya mkono wa trela, chenye kivuli, umefungwa mikanda usicheze. Ujazwe ukiwa umewekwa chini ardhini, maana mtungi unaojazwa juu ya zulia la plastiki la pikapu hukusanya umemetuli usio na pa kwenda. Na asiyeamini kuwa dumu lake linavuja alipime kwenye mizani nzuri leo, na alipime tena baada ya siku chache bila kulifungua. Lita 20 za petroli ni karibu kilo 15. Gramu zilizopungua hazikwenda mbinguni.

Tunapofika kwenye matundu ya hewa, kuna udhuru mmoja tunaouheshimu: vumbi. Aliyewahi kufuata msafara hadi Kedong anajua fesh-fesh ni nini, lile vumbi jepesi linaloingia hadi ndani ya saa ya mkononi. Mafundi huziba kila tundu la trela kwa utepe ili wasikute beringi na mipira ya breki vimejaa mchanga. Hatuwalaumu kwa kuziba. Tunawalaumu kwa kusahau kuzibua. Trela linaposimama, utepe unabaki pale pale kwa siku tatu, milango imefungwa kwa kufuli kwa kuhofia wezi, na boksi linageuka tanuri. Kifuniko cha kuteleza chenye kichujio cha sponji kinaweza kutengenezwa na fundi yeyote wa bati: kinafungwa barabarani, kinafunguliwa mkisimama.

Na matundu yawe ya chini na ya juu. La chini ni la petroli na thina. La juu ni la betri. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi nyepesi isiyo na harufu yoyote, ambayo hupanda na kujikusanya chini ya paa, nayo huweza kuwaka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Ukisikia harufu ya yai bovu karibu na chaja, betri inachajiwa kupita kiasi. Zima umeme kwenye chanzo cha nje, usianze kuchomoa vibanio na kurusha cheche. Kuhusu feni, wengi huifunga ivute hewa chafu kwenda nje, na hivyo huupitisha mvuke katikati ya mota inayoweza kurusha cheche. Afadhali feni isukume hewa safi kuingia, na hewa chafu itafute njia kwenye matundu.

Hadi hapa tumezungumza kama vile pua inatosha. Haitoshi. Mtu akikaa ndani ya harufu kwa dakika chache, pua huchoka na kuacha kumwambia. Mvuke upo vile vile, yeye ndiye hausikii tena. Fundi anayesema "mimi sisikii kitu" baada ya saa nzima ndani ya boksi hajatoa ushahidi wowote. Aulizwe anayetoka nje.

Halafu zipo hatari ambazo hazinuki, au zinanuka kwa upole unaodanganya. Methanoli, inayochomwa kwenye baadhi ya mbio za Marekani na kwenye pikipiki za speedway, haina harufu ya kumshtua mtu, na ikiwaka mchana moto wake karibu hauonekani. Mwaka 1981, katika Indianapolis 500, dereva Rick Mears alishika moto akiwa kwenye kituo cha kujaza mafuta, na waliomzunguka walichelewa kuelewa kwa nini anapapatika, kwa sababu hapakuwa na miali ya kuona. Jenereta ni karibu zaidi nasi. Moshi wake una kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Jenereta iliyowekwa ndani ya trela "kwa dakika tano tu, mvua ikipita," au nje lakini mdomo wa ekzosi ukielekea mlangoni, inaweza kuua bila kumwamsha mtu. Harufu ya petroli angalau hukutukana kwanza.

Spreyi ya breki inastahili aya yake, kwa sababu watu huitumia bila kusoma kopo. Zipo za aina mbili. Zisizo na klorini hutengenezwa kwa vitu kama asetoni na heptani, na huwaka upesi sana. Zenye klorini haziwaki kirahisi, na kwa sababu hiyo mafundi huziona rafiki. Lakini pulizia chuma kwa ile yenye klorini, kisha kichomelee kabla hakijakauka sawasawa, na joto laweza kuzaa fosjini, gesi iliyotumiwa kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwenye mbio, mkono wa suspensheni ukivunjika na dakika za huduma zikihesabika, kusafisha na kuchomelea hufuatana bila mtu kushusha pumzi. Timu inayochomelea porini inunue kopo lisilo na klorini, ilitumie nje, ikiache chuma kikauke, na makopo yakae kivulini. Karibu kila kopo la spreyi limeandikwa lisipate joto la kupita nyuzi 50. Boksi la bati lililofungwa kwenye jua la Magadi au la Dodoma halina huruma na maandishi hayo.

Moto ukiwekwa kando, kuna mwili. Petroli ina benzini, na kwa mafuta ya Ulaya sheria imeweka kikomo cha asilimia 1. Benzini inajulikana kwa miaka mingi kuwa husababisha saratani ya damu. Mwaka 2025 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka petroli yenyewe kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hatusemi kila aliyenusa petroli ataugua. Kinachohesabika ni kiasi na miaka. Basi tuulize nani ana kiasi na miaka. Dereva yumo garini, kofia kichwani, na hewa ya mbuga inampitia. Mwenye timu yuko chini ya mwavuli. Anayeivuta ni spana boi aliyetumwa kupanga madumu, na utingo anayelala ndani kulinda vifaa.

Huyu utingo ndiye tunayemwandikia. Timu ikifika mahali usiku, vifaa vya mamilioni havipelekwi hotelini; mtu hubaki navyo. Anapewa godoro, anaambiwa ajifungie kwa ndani. Analala juu ya sakafu, yaani pale pale ambapo mvuke mzito hutulia, pua yake ikiwa sentimita chache kutoka kwenye ubao ulionyonya petroli. Anaamka kichwa kinamgonga, moyo unachafuka. Anamwambia fundi mkuu, "Kaka, sijisikii vizuri." Anajibiwa, "Kunywa maziwa, kijana, yatakata hiyo kitu."

Maziwa ni chakula kizuri na yana heshima yake nyumbani. Hayatoi mvuke wa petroli mapafuni. Imani hii imeenea kwa wapaka rangi, wachaji betri na mafundi wa gereji, na waajiri huipenda kwa sababu pakiti ya maziwa ni rahisi kuliko mlango wa pili. Mlinzi alale kwenye hema kando ya trela, au ndani ya pikapu inayolivuta, akilitazama. Kufuli nzuri na mnyororo kwenye gurudumu vitalinda spana bila kumweka binadamu ndani ya boksi la mvuke. Hapa hatuna la kujadiliana: hakuna mtu anayelala ndani ya trela lililobeba mafuta.

Tumeona pia jinsi watu wanavyopambana na harufu, na mara nyingi wanapambana na pua. Kuna vile vibao vya kunukia vinavyoning'inizwa kwenye kioo cha teksi. Kuna ndimu zilizokatwa, kahawa ya unga kwenye kikombe, magadi yaliyonyunyizwa sakafuni. Magadi husaidia kwenye harufu za uchachu, kama za jasho na maziwa yaliyomwagika. Kwa petroli hayana kazi. Ndimu huongeza harufu ya ndimu. Na atakayekuja na chetezo cha udi afukize ndani ya trela la mafuta, tunamwomba kwanza aagane na watu wa nyumbani. Mficha maradhi, kilio humfichua, na hapa kilio kinaweza kuwa cha mlipuko.

Mkaa una ukweli ndani yake, ila nusu. Mkaa ulioamilishwa kiwandani hunasa mvuke wa petroli vizuri sana, hata magari yamewekewa kopo la mkaa huo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi yake ikiwa kunasa mvuke wa tangi na kuurudisha kwenye injini uchomwe. Mkaa wa jikoni unanasa kidogo tu. Na aina zote mbili zikishiba hazinasi tena, na joto likipanda huachia zilichonasa. Mfuko wa mkaa kwenye kona ni wa kumalizia kazi baada ya chanzo kuondolewa, si badala ya kukiondoa.

Siku hizi kuna na mashine za ozoni, zinazouzwa kwa ahadi kwamba huua harufu zote. Ozoni inawasha mapafu, na zaidi ya hapo inakula raba. Hupasua mpira wa tairi, mipira ya breki, hozi za mafuta. Kuipeleka kwenye trela lililojaa matairi ya mashindano ni kulipa ili uharibu mali yako, kisha hozi iliyopasuka ikuletee harufu upya.

Kinachofanya kazi ni cha kizamani na kinachosha. Toa kila kitu nje, mpaka boksi libaki tupu. Lifunge juani saa moja, kisha fungua na unuse karibu na sakafu. Kama bado linanuka likiwa tupu, mgonjwa ni sakafu. Plaiwudi hunywa petroli na oili hadi tabaka la ndani, na hakuna sabuni inayoifuata huko. Ubao uliolowa ung'olewe, fundi wa mbao aweke mwingine, na huo mpya upakwe rangi ya epoksi au ufunikwe bati kabla haujaanza kunywa. Kama boksi tupu halinuki, rudisha vitu kwa mafungu na unuse tena, na fungu lenye kosa litajitaja. Mara nyingi si dumu la mafuta hata kidogo. Ni matambara ya kufutia yaliyosokomezwa nyuma ya rafu, au tangi la jenereta lisilofungwa vizuri, au kopo la thina ambalo kifuniko chake kilipotea msimu uliopita na likazibwa kwa gazeti. Matambara yakae kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, nje. Yaliyofutia mafuta ya kitani ya kupaka mbao yana hatari yake ya pekee: yakirundikwa hujipasha moto yenyewe hadi kuwaka.

Petroli iliyomwagika inywewe na mchanga mkavu, mchanga uzolewe kwa koleo la mbao au plastiki na utupwe panapostahili. Isimwagiliwe maji kuelekea mtaroni. Ziwa Naivasha limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia tangu 1995, na mashindano yanayojitangaza kwa picha za twiga na viboko hayana haki ya kuoshea sakafu zake humo.

Neno la haraka kwa madereva, wanaodhani haya ni mambo ya mafundi. Kofia yako ina tabaka la povu la polistirini, lile linalopokea kishindo badala ya fuvu. Petroli na asetoni huliyeyusha povu hilo, na watengenezaji wa kofia huonya zisiwekwe karibu na viyeyusho. Kofia iliyolala msimu mzima juu ya rafu, chini yake thina, inaweza kuonekana mpya kwa nje. Ovaroli ya kuzuia moto nayo ikishalowa mafuta haizuii kitu. Mavazi, kofia, maji ya kunywa na mkate visafiri kwenye gari jingine. Anayekula mkate wenye ladha ya petroli ameshaambiwa na ulimi wake alichokuwa anavuta.

Tunajua tutajibiwa kwamba timu zetu ni maskini, kwamba wafadhili wamepungua, kwamba mafuta yenyewe yamepanda bei. Ni kweli. Lakini katika yote tuliyoyataja, ghali ni mitungi na ubao wa sakafu. Kizimba cha chuma ni kazi ya siku moja ya mchomeleaji. Tundu la hewa ni bati na misumari. Kumtoa mtu asilale ndani ni bure.

Kwa waandaaji, kazi iko wazi zaidi. Kabla ya kila shindano mkaguzi hulala chini ya gari la mashindano na tochi, hupima mikanda, husoma tarehe ya kizimamoto, hukataa kiti kilichopitwa na muda. Mara nyingi macho yake huishia hapo, wakati mita chache nyuma yake limesimama boksi lenye lita 100 za petroli, chaja na godoro. Tunapendekeza fomu ya ukaguzi iongezwe mistari michache kwa ajili ya trela na gari la huduma: mafuta yako wapi na ndani ya nini, matundu ya chini na ya juu yako wazi au yamezibwa, kizimamoto kiko mlangoni au kimefichwa mwisho kabisa nyuma ya matairi ambako moto ukianza hakifikiki, jenereta inawashiwa wapi, na nani analala wapi usiku.

Timu itakayoanguka kwenye mistari hiyo isifukuzwe. Madumu yatolewe nje ya boksi mbele ya mkaguzi, milango ifunguliwe, na gari lake la mashindano lisibandikwe kibandiko cha kuruhusiwa mpaka yeye mwenyewe aingie ndani, ainame hadi sakafuni na avute pumzi.